Usinunue draivu mpya, Zerg wangu

Sinza, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Zerg wangu,

Shemeji na watoto hawajambo? Huku sote wazima, ni umeme tu unaotusumbua. Ujumbe wako wa juzi nimeupata: draivu ya CD imekufa, fundi wa hapo Moshi kakutajia elfu arobaini, na mwanao ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuonja StarCraft, lile gemu letu la vita vya majeshi matatu: Zerg, Protoss na Terran. Nilicheka, halafu nikamhurumia mtoto. Nimeona nikuandikie kwa mkono maana kwa simu tungebishana tu, wewe na mimi tunajuana. Tena kuna kamzigo nakutumia kwa basi, barua itapanda nako.

Hiyo elfu arobaini usitoe. Nasema hivyo kwa sababu mimi nilitoa.

Yangu ilianza kwa kukoroma. Naweka CD, inazunguka, inanguruma kama mashine ya kusaga, halafu kimya. Baadaye trei ikagoma kutoka kabisa. Nikanyoosha klipu ya karatasi, nikaichomeka kwenye kile kitundu kidogo cha mbele, ikafunguka kwa shingo upande. Nikampelekea fundi Kariakoo. Akafungua, akanionyesha kampira kembamba kanakovuta trei: kamelegea kama lastiki ya soksi kuukuu. Akabadilisha, akafuta lenzi kwa pamba yenye spiriti, akachukua hela yake. Ikafanya kazi wiki mbili. Nilipomrudia akaniambia pasipo aibu kwamba leza yenyewe imechoka, na leza haifutwi na pamba.

Nikampa haki yake. Hebu fikiria kazi anayofanya huyo leza: mstari wa data kwenye CD moja, ukiunyoosha, unapita kilomita 5, umejiviringa kutoka katikati kwenda ukingoni, na yeye aufuate bila kuteleza huku sahani inazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ongeza na vumbi la Sinza. Mimi ningechoka mapema zaidi.

Sasa swali lako: mbona gemu lenyewe tayari limo kwenye kompyuta, halafu bado linadai CD? Unakumbuka kafe ya stendi, kompyuta nane na CD moja halisi? Mwenye kafe alikuwa amezipakia zile saba nyingine kwa ile njia waliyoiita spawn, watengenezaji wenyewe ndio walioiruhusu: namba moja ya siri, wachezaji hadi wanane, ila lazima wote mwingie kwenye mchezo wa yule mwenye CD. Ndiyo maana kila mtu aligombea kiti cha pembeni, penye CD! Basi CD ilikuwa ndiyo tiketi. Na si tiketi tu, kwani sauti nyingi na video za katikati ya misheni zilibaki mlemle. Diski kuu za 1998 zilikuwa ndogo, nani angekubali gemu moja limle nafasi yote?

Nilipokwama, kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda kutafuta mtandaoni faili la kuondoa ukaguzi wa CD. Nikalipata upesi mno, ningepaswa kushtuka hapo. Nikalibofya. Kesho yake kila folda kwenye flashi yangu imegeuka njia ya mkato, na ripoti ya ofisi haionekani. Nilishinda Jumamosi nzima nikisafisha virusi, mke wangu ananiuliza kama hilo gemu lina mshahara.

Kumbe dawa ilikuwepo siku zote, na waliitoa Blizzard, watengenezaji wenyewe wa gemu, mwaka 2008, kwenye toleo la 1.15.2. Kuanzia hapo StarCraft inaweza kucheza bila CD, mradi uipe mzigo uliokuwa ndani ya CD. Kwenye flashi ninayokutumia nimeweka toleo la 1.16.1, la Januari 2009. Lipakie kwanza juu ya hilo ulilonalo.

Halafu CD yako, pamoja na ile ya Brood War, nyongeza yake, ipeleke kwenye kompyuta yoyote yenye draivu nzima. Nenda pale mnapotolea kopi za vyeti, wale hawakosi mashine ya zamani. Fungua CD ya StarCraft, utakuta faili linaitwa INSTALL.EXE. Kwa jina utadhani ni la kupakia tu, lakini angalia ukubwa wake: hilo ndilo kapu lenyewe, sauti na video zote zimo humo. Likopi kwenye flashi. Ukifika nyumbani liweke ndani ya folda la StarCraft, kisha libadilishe jina liwe StarCraft.mpq. La CD ya Brood War nalo vivyo hivyo, ila lenyewe liite BroodWar.mpq.

Soma hapa polepole, maana hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima. Mafaili yote mawili yanaitwa INSTALL.EXE. Ukiyakopi sehemu moja, la pili linalifuta la kwanza, na wewe ulivyo na haraka utabofya ndiyo bila kusoma. Nimekutengenezea mafolda mawili kwenye flashi, moja nimeliita MOJA, lingine MBILI. Fuata.

La pili: Windows ina tabia ya kuficha mkia wa jina la faili. Mimi niliandika StarCraft.mpq, nikaona StarCraft.mpq kwenye skrini, nikawasha gemu, likaniambia weka CD. Nikarudia mara nne. Nikaanza kuwalaani watu wa mbali ambao hawajanikosea kitu. Kumbe jina kamili lilikuwa StarCraft.mpq.exe, ule mkia wa nyuma umejificha! Ingia kwenye mipangilio ya mafolda, toa tiki kwenye kile kipengele cha kuficha mikia ya mafaili, ndipo ubadilishe jina. Nilipofanya hivyo, ule muziki wa Terran ukalia saa saba usiku, mtoto akaamka.

Najua utaniuliza mbona nisikwambie upakue tu, maana tangu Aprili 2017 StarCraft ya zamani inatolewa bure. Kweli, na ungekuwa na kompyuta ya maana ningekwambia hivyo. Lakini wewe na hiyo Windows XP yako mmeapa kuzikana, na bando nalijua bei yake.

Kuhusu magemu yako mengine, njia ni kuigeuza CD nzima kuwa faili moja la ISO. Hukohuko penye draivu nzima, weka programu ya ImgBurn, mwambie asome CD atoe ISO, ondoka nayo. Kwenye Windows 8 na kuendelea unalibofya tu, kompyuta inajiona ina draivu ya ziada yenye CD ndani. Kwako kwenye XP utahitaji kaprogramu ka kuigiza draivu, nimekuwekea WinCDEmu, ni ya bure na haina mambo ya ajabu. Likiwa gemu la DVD angalia flashi isiwe imepangwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32, maana huo haimezi faili la kuanzia gigabaiti 4, na DVD ikijaa inazidi hapo.

Quake yako ya 1996 usiifanyie ISO. Muziki wake umerekodiwa kwenye CD kama nyimbo za kawaida, ndiyo maana tulikuwa tunaisikiliza kwenye redio ya kaka yako. ISO inabeba data tu, nyimbo inaziacha. Utapata gemu bubu. Mwambie programu atoe BIN na CUE, hizo zinabeba vyote.

Na lile la magari ulilonunua kwa pesa ya field, nasikitika. Lina kufuli ya SafeDisc, inayotafuta alama kwenye CD yenyewe ambazo ISO ya kawaida haizichukui. Hata ungekuwa na draivu mpya, siku utakapohamia Windows 10 halitawaka, kwa sababu Microsoft waliikataa hiyo kufuli, walisema ni mlango wa wezi. Mwaka huohuo Windows 10 ilipotoka, 2015, wakaizima hata kwenye Windows 7 kwa wanaopokea masasisho. Wewe masasisho hujapokea tangu tumalize chuo, kwa hiyo kwa hilo moja tu azima draivu ya nje ya USB. Ikiwa inakatakata, ichomeke waya zote mbili, tundu moja la USB mara nyingi haliipi umeme wa kutosha.

CD zako usizitupe wala usiwape watoto wafukuzie ndege shambani. Kava la StarCraft hasa lifiche: ile namba ya siri ya tarakimu 13 iliyo nyuma ndiyo utakayoulizwa siku ukipakia upya.

Msalimie mama, mwambie ndizi zilifika na zilikuwa nzuri. Mwanao mwambie asianze na Zerg, baba yake ameshaniaibisha nao vya kutosha. Mkija Desemba nitatafuta waya wa mtandao tuunganishe mashine zetu mbili.

Ila flashi nirudishie kwa basi la wiki ijayo, tafadhali. Ni ya ofisi.

Wako,
Protoss wa Sinza