Barua kwa Mwanangu: Mtu Aliyekuwa Ndani ya Roboti

Mwanangu mpenzi,

Natumaini umefika chuoni salama na masomo yameanza vyema. Sisi huku hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kicheko chako cha usiku ule wa mwisho wa likizo, tulipokuwa tukitazama The Day the Earth Stood Still, filamu ya mwaka 1951. Roboti Gort alipotokeza kwenye chombo cha anga kilichotua Washington, ulicheka ukasema kwamba huyo ni mtu tu aliyevaa vazi la mpira. Nilinyamaza kwa kuwa tulikuwa na wageni, lakini neno lile limenikaa moyoni, na ni afadhali nilitoe.

Ni kweli, ndani ya Gort alikuwamo mtu. Aliitwa Lock Martin, bawabu wa jumba la sinema huko Hollywood, aliyechaguliwa kwa sababu ya urefu wake uliozidi mita 2. Alitengenezewa mavazi mawili, moja likifungwa kwa mbele na jingine kwa nyuma, ili kamera ikimtazama upande wowote pasionekane palipofungwa; na kwa kuwa hakuwa na nguvu nyingi, palihitajika nyaya ili aweze kumbeba mwigizaji Patricia Neal. Hebu fikiri, mwanangu, watu wazima walikaa wakashauriana juu ya mahali pa kufungia vazi, ili mimi na wewe, zaidi ya miaka 70 baadaye, tuamini kwamba tunaona chuma. Kazi ya namna hiyo inanitia heshima kila ninapoitazama.

Sisemi usicheke. Mimi mwenyewe sijaona filamu inayonichekesha kama Dark Star, ambayo John Carpenter na Dan O'Bannon waliianza wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, ikatoka mwaka 1974. Wanaanga wamechoka, ndevu zimewajaa, wamezunguka miaka mingi wakilipua sayari zisizo imara, na mmoja wao, Pinback, amefuga kiumbe ambacho ukikitazama vizuri ni mpira wa kuchezea ufukweni uliopakwa rangi na kuwekewa miguu yenye makucha. Kiumbe hicho kinamtoroka, naye anakifuata hadi kwenye shimo la lifti, ambako anabaki akining'inia huku miguu ikitafuta pa kukanyaga. Mara ya kwanza nilicheka hadi machozi. Nilipoirudia ndipo nikamtazama O'Bannon, maana Pinback ni yeye mwenyewe, nikaona kwamba anaogopa kwelikweli, wala hatupi hata jicho moja la kutukonyeza. Mpira ule kwake ni mnyama wa hatari, na ndiyo maana sisi tunavunjika mbavu.

Wazo lile lile la kiumbe anayehangaisha watu waliofungiwa ndani ya chombo cha anga, O'Bannon alilirudia baadaye kwa nia ya kutisha, na mwaka 1979 likawa filamu ya Alien. Humo hakuna aliyecheka.

Katika Dark Star kuna pia bomu namba 20, lenye sauti ya upole na adabu zote, ambalo limekwama chini ya chombo na bado linashikilia kulipuka kwa wakati wake, hata Luteni Doolittle akalazimika kutoka nje na vazi la anga kulihoji lina hakika gani kwamba amri liliyopewa ni ya kweli. Mwisho wa mjadala huo sikuambii.

Vichekesho vingi vya siku hizi unavyovipenda vinanichosha kwa sababu wahusika wanajua kwamba wanachekesha. Mmoja akianguka, mwenzake anageuka kutueleza kwamba ameanguka. Siihesabu humo filamu ya Galaxy Quest ya mwaka 1999, kwa ajili ya wale wageni wa sayari ya mbali wanaodhani kwamba tamthilia ya televisheni ni kumbukumbu za historia, nao wanaiamini kwa unyofu hadi huruma inakushika katikati ya kicheko.

Ukirudi Desemba tutaanza upya na Gort. Simu uiache chumbani, ukae karibu na skrini, kisha umtazame magotini: vazi linajikunja kidogo kila anapopiga hatua, naye anazidi kutembea.

Mama yako akupendaye