Mafuta ya nywele ya nyumbani yasilaumiwe yote kwa pamoja

Bwana Mhariri,

Ninaomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nijibu barua mliyoichapisha hivi karibuni, ambamo msomaji mwenzetu wa mtaa wa Kampemba aliwataka wakubwa wa mji wapige marufuku pomadi (mafuta mazito ya nywele) na mafuta ya ndevu ambayo vijana wa Lubumbashi wanajitengenezea majumbani. Mimi ni kinyozi huku Katuba, na vichwa anavyovizungumzia ndivyo vinavyopita mikononi mwangu kila siku. Ninakubali kwamba madhara aliyoyaona ni ya kweli. Nisichokubali ni chanzo anachokitaja, kwa sababu ametia katika kapu moja vitu viwili visivyo na undugu: mafuta yaliyoyeyushwa pamoja na nta, bila kingine, na michanganyiko iliyotiwa maji.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Bakteria na kuvu hawazaliani pasipo maji. Pomadi ya nta na mafuta matupu haiwapi pa kuishi, na kinachoweza kuiharibu ni hewa, mwanga na joto, ambavyo huyachachisha mafuta polepole hadi pua ya mwenye kopo ikamwarifu kwamba muda umekwisha. Lakini kijana akisaga parachichi, akakamua utomvu wa mshubiri au maji ya kitunguu, akachanganya na mafuta na kuuweka mchanganyiko huo juu ya kabati kwa juma zima, amewafugia wadudu asiowaona, na mara nyingi hakuna harufu yoyote ya kumwonya. Viwanda navyo hutia maji katika krimu zao, ila hutia pia dawa ya kuhifadhi kwa kipimo. Brylcreem, iliyoanza kutengenezwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1928, ni maji na mafuta ya madini yaliyoshikanishwa kwa nta ya nyuki. Kiwandani jambo hilo linawezekana, jikoni kwetu ni vigumu. Wako wanaoamini kwamba tone la vitamini E linatosha kuhifadhi kila kitu. Vitamini hiyo huchelewesha kuchacha kwa mafuta tu, haiui kijidudu hata kimoja. Anayetaka kujipaka mshubiri au parachichi na atengeneze kiasi cha siku ile, ajipake, aoshe, na kinachobaki akimwage.

Kwa upande wa pomadi isiyo na maji, mji wetu umebahatika. Misitu ya miombo inayotuzunguka ina nyuki, na wauza asali wengi wana masega ambayo hawajui wayafanyie nini. Nta hiyo haifai kutumiwa ilivyo: iyeyushwe kwanza katika maji, iachwe ipoe hadi igande juu, uchafu wa chini ukwanguliwe, kisha iyeyushwe tena, ichujwe kwa kitambaa na kukaushwa kabisa, maana tone la maji lililojificha ndani yake litaturudisha kule kule nilikotoka kukueleza. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi za Selsiasi. Haifai kuiweka moja kwa moja juu ya mbabula (jiko la makaa), kwa kuwa ikizidi joto inaweza kushika moto. Bakuli liwekwe ndani ya sufuria ya maji. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na kwa mwinuko huo maji huchemka karibu na nyuzi 96, kwa hiyo kilichomo bakulini hakiwezi kupita hapo, maadamu maji ya sufuria hayajakauka.

Kipimo kifuate majira, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kunakili kipimo cha nchi nyingine. Usiku wa Juni na Julai kwetu baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na pomadi iliyozidi nta huwa ngumu hata kidole hakiingii; Oktoba mchana joto hupita 30, na ile iliyokuwa nzuri wakati wa baridi hutiririka hadi kwenye kola. Mafuta ya nazi huganda yanaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo nayo hubadilika mwezi hadi mwezi. Mimi hutumia sehemu moja ya nta kwa sehemu tano za mafuta katika miezi ya baridi, na moja kwa tatu miezi ya joto, vyote vikipimwa kwa mizani, si kwa kijiko. Kabla ya kumimina katika makopo, tone moja huwekwa juu ya kijiko kilichopoa. Likigeuka gumu mno huongezwa mafuta, likiwa laini mno huongezwa nta.

Kuhusu mafuta yenyewe, mawese ni mazuri kwa nywele, lakini rangi yake nyekundu, inayotokana na karoteni, haina adabu kwa nguo. Mke wa mteja wangu mmoja amewahi kunieleza habari za foronya zake kwa maneno ambayo gazeti hili lisingeyachapisha. Afadhali mafuta ya kokwa za mchikichi, ambayo tabia yake inakaribiana sana na ya nazi. Mafuta ya mbarika ni mazito na hung'arisha ndevu, ila yanunuliwe yakiwa tayari. Mbarika huota wenyewe katika viwanja vitupu vya mji, na nimesikia vijana wakisema watasaga mbegu zake nyumbani; waache kabisa, kwani mbegu hizo zina risini, sumu inayoweza kuua, na makapi yake hayafai kuachwa mahali penye watoto au kuku. Manukato yasizidi gramu moja katika gramu 100, na mafuta ya ganda la limau yasipakwe usoni kwa mtu anayekwenda juani, maana huweza kuunguza ngozi. Asiyetaka kazi yote hii achanganye nta na vaselini ya kawaida, ambayo Robert Chesebrough aliipatia hataza Marekani mwaka 1872. Haichachi, na ni watu wachache sana ambao ngozi yao huikataa. Si fahari, lakini inafanya kazi.

Msomaji wa Kampemba alitaja pia vipele vya paji la uso, na hapo amesema kweli, ingawa pomadi za dukani nazo hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi wa Marekani walieleza katika jarida lao chunusi za paji la uso na panja zilizowapata wanaume weusi waliozoea kupaka pomadi. Dawa yake ni kupaka nywele na kuiacha ngozi. Nywele zetu zimejisokota, hivyo mafuta yanayotoka katika ngozi ya kichwa hayasafiri kwa urahisi hadi kwenye ncha, na ndiyo sababu hukauka. Kiasi kidogo kikipakwa kwenye nywele zilizotoka kuoshwa, zikiwa bado na unyevu, kinatosha kuuzuia unyevu huo usitoke. Vipele vya kidevuni ni habari nyingine. Vinatokana na unywele ulionyolewa karibu mno na ngozi, ukajikunja na kuingia tena ndani, wala hakuna mafuta, ya nyumbani au ya dukani, yatakayouondoa. Mashine iache ndevu zikiwa na urefu kidogo. Mapunye ya watoto nayo ni kuvu walioingia ndani ya unywele wenyewe, na yanahitaji vidonge kutoka kwa daktari. Yanaposambaa kutoka kichwa kimoja hadi kingine, lawama tusiipeleke kwa pomadi ya mtu, kwani mara nyingi ni mashine zetu sisi vinyozi zisizofutwa kwa alikoli ya asilimia 70 baada ya kila mteja.

Jambo moja ninaungana naye lipigwe marufuku bila mjadala: kunyoosha nywele kwa soda ya sabuni (kostiki) iliyopikwa nyumbani. Soda hiyo ndiyo iliyomo katika baadhi ya dawa za viwandani za kunyoosha nywele. Kampuni ya Mmarekani George Johnson, ya bidhaa za nywele, ilipoanza Chicago mwaka 1954, bidhaa yake ya kwanza, Ultra Wave, ilikuwa ya kunyoosha nywele za wanaume. Ila kiwanda hupima, na hata hivyo dawa yake bado huunguza ikikaa kichwani kupita muda wake. Kijana anayekisia kwa jicho, kwa soda aliyoinunua kwa watengeneza sabuni wa mtaani, anaweza kupoteza ngozi ya kichwa pamoja na nywele, na ikimwingia jichoni anaweza kupoteza jicho.

Marufuku ya jumla ingewaumiza wanaofanya vizuri, na kuwaacha wateja wao na makopo yanayopita mpakani Kasumbalesa, ambayo mengine yameandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Ninachopendekeza kwa komini, na kwa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, ikiona inafaa, ni kwamba kila anayeuza pomadi yake, hata kwa majirani tu, aandike juu ya kopo vitu vyote vilivyomo, tarehe aliyoipika, na kama ina maji au haina. Kalamu na kipande cha karatasi vinatosha. Sisi vinyozi tunaweza kuanza leo bila kungoja amri. Katika saluni yangu pomadi huchotwa kwa kijiko kikavu, si kwa kidole kilicholowa, na kopo lisilo na maandishi hayo matatu silifungui, hata mteja akiniambia limepikwa na mama yake mzazi.

Kinyozi wa Katuba,
Lubumbashi