Tusome masharti, si bendera: Vita Baridi ilivyopita Makambako

Mhariri,

Tangu China, Tanzania na Zambia zisaini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, jijini Beijing, Septemba 2024, na Rais Biden wa Marekani atue Lobito miezi mitatu baadaye kuinadi reli ya Angola, swali moja halituishi midomoni: Vita Baridi imerudi, je, sisi tuwe upande wa nani? Sisi walimu wa historia wa Nyanda za Juu Kusini tunaona swali hilo limekaa upogo. Linachukulia kwamba mara ya kwanza pande zilikuwa mbili, bepari huku na mkomunisti kule, nasi tukachagua mmoja. Haikuwa hivyo, na ushahidi umelala hapa hapa kwetu.

Kati ya Makambako na Mbeya vinapita vitu vitatu: reli iliyojengwa kwa mkopo wa China, barabara kuu ya kwenda Tunduma ambayo vipande vyake vikubwa viligharimiwa na mikopo ya Marekani, na bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola, lililojengwa na Waitaliano likaanza kazi 1968. Italia ilikuwa ndani ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Vyote vitatu vilisukumwa na tukio moja: tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na Zambia, ambayo shaba yake ilitoka na mafuta yake yaliingia kwa kupitia kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Kwa miezi kadhaa mafuta yalikwenda Zambia kwa ndege na kwa mapipa juu ya malori, kwenye barabara ya vumbi ambayo masika yakiingia inageuka tope la kumeza ekseli.

Reli ilikuwa imeombwa kabla ya hapo. Mwaka 1964 ujumbe wa Benki ya Dunia ulisema haina faida, heri barabara. Moscow nayo haikuikubali. Hapa ndipo wanafunzi wetu wengi hukwama, kwa sababu vitabu vyao vinaweka Urusi na China kapu moja. Hazikuwa kapu moja. Machi 1969 wanajeshi wa Kisovieti na wa China walipigana risasi kwenye mto Ussuri. Februari 1972 Rais Nixon wa Marekani alikuwa Beijing anapeana mkono na Mao, kiongozi wa China, mwaka uleule ambao mafundi wa China walikuwa wakitoboa mahandaki kati ya Mlimba na Makambako. China ilikuwa inashindana na Marekani na Moscow kwa pamoja, na ilihitaji marafiki wenye kura: tarehe 25 Oktoba 1971, China ilipokipata kiti chake Umoja wa Mataifa, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha azimio hilo.

Atakayetaka kuuona mpasuko huo kwa karibu asiende mbali. Mgagao, huko Kilolo, ilikuwa kambi ya wapiganaji wa ZANU, chama kimojawapo cha ukombozi wa Zimbabwe, na wakufunzi wake walitoka China. Wapiganaji wa ZAPU, chama cha pili, walifundishwa na kupewa silaha na Wasovieti. Mwaka 1976 walipowekwa pamoja Mgagao ili waunde jeshi moja, waligeuziana bunduki na vijana wengi wakafa. Wote walikuwa wanapigania Zimbabwe ileile. Hilo linafundishwa kidogo mno katika mkoa ambao lilitokea, na linatuuma.

Sasa turudi kwenye reli, maana hapo ndipo somo la leo lilipo. Mkataba ulisainiwa 5 Septemba 1967, mkopo usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976 ikiwa na kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kipande kigumu kuliko vyote ni cha takriban kilomita 160 kati ya Mlimba na Makambako. Treni inatoka bonde la Kilombero na kupanda zaidi ya mita 1,000, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja. Lile la mto Mpanga nguzo zake zina kimo cha mita 50 hivi. Na mpando hauishii Makambako, kwani kilele cha reli nzima kipo Uyole, karibu mita 1,789 juu ya usawa wa bahari.

Mpando huo ndio uliozishinda injini za mwanzo. Zilikuwa za dizeli zenye mfumo wa haidroli: nguvu ya injini hufika kwenye magurudumu kwa kupitia mafuta yanayozungushwa ndani ya kigeuzi. Kwenye tambarare hazina shida. Ukizipandisha mlima mrefu zikiwa na mzigo mzito kwa mwendo wa pole, mafuta yale yanachemka, nguvu inapotea, na dereva hana budi kupunguza mabehewa au kusubiri injini ya pili. Kila safari iliyokatwa nusu ni shaba iliyolala. Dawa ilipatikana miaka ya 1980, na ilitoka upande ambao wanaoshabikia bendera hawautarajii: injini za U30C, muundo wa General Electric wa Marekani, zilizoundwa na Krupp huko Ujerumani Magharibi. Jina lenyewe linajieleza, 30 ni nguvu ya farasi 3,000 na C ni ekseli tatu kwa kila bogi, kila ekseli na mota yake ya umeme. Reli ya Mao ikapandishwa mlima na injini ya kibepari. Lakini injini mpya zilidai vipuri vipya, na vipuri hivyo vilidai fedha za kigeni, ambazo miaka ile hazikuwepo. Reli iliyopangiwa uwezo wa tani milioni 2 kwa mwaka haijawahi kuzifikia.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi. Kibarua wa Mlimba halipwi kwa yuan, naye China isingeweza kumlipa kwa dola. Njia iliyotumika ni hii: China ilileta bidhaa zake kwa mkopo, vitambaa, vyombo vya nyumbani, zana, mashirika ya umma ya biashara yakaziuza madukani, shilingi zilizopatikana zikalipa mishahara na gharama nyingine za ndani. Ni mpango wa akili, ila una kasoro mbili. Bidhaa isipouzika, fedha ya mishahara haipatikani. Na mnunuzi anapata kile ambacho China inacho, si kile anachokitaka. Misaada ya Marekani nayo ilikuwa na kamba zake: kwa kawaida fedha ilipaswa irudi kununua mitambo na huduma za Kimarekani. Kamba ni kamba, iwe nyekundu au ya buluu.

La tatu ni upana wa reli. TAZARA ina milimita 1,067, sawa na reli za Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Upana huo ulichaguliwa makusudi ili behewa moja liweze kwenda hadi Ndola bila kupakuliwa. Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, karibu vidole vinne vya mtu mzima, na kwa ajili ya vidole hivyo mzigo unaotoka Makambako kwenda Dodoma au Tabora sharti uhamishwe Kidatu kutoka behewa hadi behewa. Sasa kuna SGR, reli mpya ya kisasa, ya milimita 1,435, kwa hiyo nchi moja ina mapana matatu.

Na hiyo Lobito inayosifiwa? Ndiyo reli ya Benguela, nayo ni milimita 1,067. Ilifungwa Agosti 1975 kwa sababu ya vita vya Angola, ambako Wasovieti na Wakuba walikuwa upande mmoja, na Marekani, China na makaburu kila mmoja akiusaidia upande mwingine kwa namna yake. Shaba ya Zambia ikabaki kuitegemea zaidi njia ya kwetu. Oktoba 1979 majeshi ya Rhodesia yakalipua daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi, na hiyo ya kwetu nayo ikakatika.

Tunaliomba gazeti lako, Mhariri, waandishi wako watakapozungumza na wahusika wa ukarabati, waulize haya. Injini zitakazonunuliwa zinavuta tani ngapi kutoka Mlimba hadi Makambako, si kwenye tambarare ya Kisaki? Vipuri vyake vitalipwa kwa fedha ipi, na karakana ya Mbeya itaruhusiwa kuvichonga au itabidi viagizwe? Kokoto na mifereji ya maji kwenye miteremko ile nani atavitunza mkarabati akishaondoka, maana mfereji ukiziba maji hukaa chini ya mataruma na tuta hulegea? Na pale Kidatu, mzigo utaendelea kuhamishwa hadi lini?

Walimu wa historia,
Mbeya na Makambako