Kikao cha Jumamosi: afya kabla ya mimba

Wapendwa, habari za jioni. Jana kwenye foleni ya kantini dada mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza kuhusu vidonge vya vitamini, "Foliki asidi si ya wajawazito? Mimi bado." Ndiyo maana nawaita. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, wengi wakiwa hawajajua hata kama wameshika. Mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla, hupunguza sana hatari ya mgongo wazi, yaani mtoto kuzaliwa uti wa mgongo haujafunga vizuri. Kaka zangu, nanyi mje, tena msikae nyuma: sigara hudhoofisha mbegu, na selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu, hurithiwa kwa baba na mama. Saa 4 asubuhi, chini ya mwembe. Swali la aibu niandikieni inboksi.