Hujalogwa, mwanangu

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kwa mafumbo. Mimi nitakujibu waziwazi. Wewe ni mke wa mtu, una mtoto mgongoni, na kazi ya ukunga ilishanitoa aibu zamani.

Unasema tangu ujifungue huna hamu na mumeo, na wifi yako anasema umelogwa. Unanyonyesha, basi. Anayenyonyesha homoni yake ya estrojeni hushuka, uke unakuwa mkavu na ngozi yake nyembamba, rahisi kuchubuka. Ongeza na usingizi wa kuamshwa kila saa. Ukishaumia mara mbili tatu, mwili unaanza kukwepa wenyewe. Nunua kilainishi cha maji duka la dawa. Mafuta ya nazi nayapenda sana, lakini mkitumia kondomu yanadhoofisha mpira, unapasuka.

Kilichonishikisha kalamu hasa ni hiki. Somo wako alipokufunda kabla ya harusi, alikufundisha kiuno, shanga, kumkanda mume, kumpokea akirudi amechoka. Siyadharau, hata mimi nilifundwa hivyo na yamenifaa. Ila mafunzo yote yalimhusu yeye. Wewe unaridhika vipi, hakuna aliyeuliza.

Mwaka 2000 daktari mmoja wa Kanada, Rosemary Basson, alieleza jambo ambalo wanawake wa hapa wamekuwa wakininong'oneza siku zote: kwa wanawake wengi, hasa ndoa ikishakaa, hamu haitangulii. Mke anaanza hana hili wala lile. Akisemeshwa vizuri, akapapaswa bila haraka, mwili unaamka, ndipo hamu inakuja. Kwa hiyo kukaa kuisubiri ikushukie ghafla, kisha ukajiona mbovu isipokuja, ni kujidhulumu bure. Lakini asije mtu akaigeuza hii kuwa ruhusa ya kukulazimisha. Usipotaka, hutaki. Mwili unaolazimishwa hujikaza, na maumivu yanazidi.

Mumeo naye aelezwe habari za kisimi. Kinachoonekana nje ni ncha tu; sehemu kubwa iko ndani, imeuzunguka uke pande zote mbili. Wanawake wengi hawafiki kileleni kwa kuingiliwa peke yake. Hiyo si kasoro yako, wala si upungufu wa nguvu zake, ingawa najua wanaume wa kwetu wataumia kusikia. Mwelekeze. Mkono wako unao, na mdomo unao. Na siku usipofika, usiigize. Ukiigiza unamfundisha kurudia kilekile kisichokufaa.

Ile shabu uliyopewa ya kubana uke, itupe leo hii. Inakausha na kuchubua ngozi ya ndani, na penye mchubuko magonjwa hupata mlango, Virusi vya Ukimwi vikiwemo. Kujisafisha ndani kwa sabuni nako uache. Uke hujisafisha wenyewe. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha.

Maumivu yasipoisha hata kwa kilainishi, au ukiona damu baada ya tendo, usimalizane nayo kwa mizizi. Nenda hospitali. Na kwa kuwa unatimiza miaka 30, ukija msimu wa korosho nitakupeleka hospitali ya Ligula ukapimwe saratani ya mlango wa kizazi. Wanapaka siki kidogo na kuangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe, majibu unapewa palepale. Mtoto nitamshika mimi.

Mama yako