Kwa Somoe, kuhusu ghorofa ya kumi na moja

Shangani, Mtwara

Somoe wangu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Korosho zimeanza kuanguka, na mama anakusalimu sana. Amekufungia ming'oko, utaipokea kwa basi la Jumamosi.

Nimesoma habari yako mara tatu. Kwamba pesa ya shamba la marehemu baba kule Newala imekaa benki, na kaka anakuhimiza ununue apatimenti Upanga, ghorofa ya kumi na moja, kwa sababu bei ya nyumba Dar haishuki. Neno hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi.

Sisi ni watu wa Mtwara, Somoe. Unakumbuka miaka ile gesi ilipokuwa gumzo la kila baraza, kila mwenye akiba akitafuta kiwanja? Mjomba alikopa, akajenga vyumba vinane Mangamba, akiwangoja wapangaji wa makampuni. Bomba la kwenda Dar lilikamilika 2015, mafundi wakaenda zao, na vyumba vile akavipangisha kwa wanafunzi kwa bei ya kujikimu tu. Ndugu zetu wa Likong'o, Lindi, wanakisubiri kiwanda chao cha gesi hadi leo. Na kabla yetu babu zetu waliuona mradi wa karanga wa Waingereza, ule wa 1947, uliotuletea bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ukafa, reli ikang'olewa, tukabaki na kata inayoitwa Reli. Mtu akiniambia bei haishuki, mimi namuuliza: nani atanunua, na kwa pesa ya kazi gani?

Kuishi juu nakujua. Nilipokuwa namuuguza shangazi tulikaa miezi kumi na minne ghorofa ya nane. Upepo ulikuwa wa raha, mbu hawafiki, mlinzi yuko getini usiku kucha, na asubuhi unaiona bahari yote. Nilipapenda. Kisha lifti ikafa. Si kwamba fundi hakupatikana. Hazina ya jengo ilikuwa tupu, maana nusu ya wamiliki hawakuwa wakilipa sevisi chaji, ile ada ya kutunza jengo. Wengine wanaishi nje ya nchi, wengine wanasema wao wa ghorofa ya kwanza lifti haiwahusu. Wiki tatu, Somoe. Shangazi alikuwa wa kusafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Vijana wawili wa bodaboda walimshusha kwenye kiti cha plastiki, wakampandisha, naye amefumba macho kwa aibu na maumivu. Umeme ukikatika pampu inasimama, na maji yanasimama nayo, kwa kuwa jenereta lilikuwa halina dizeli kwa sababu ileile.

Alipofariki wanawe waliamua kuuza. Wanunuzi walikuja wanapanda ngazi, wakifika juu wanahema, hata hiyo bahari hawaitazami. Na jirani wa ghorofa ya tano, mwenye shida ya haraka, akauza yake kwa bei ya chini. Tangu siku ile kila mnunuzi alitutajia bei ya jirani. Nyumba yetu ya chini hapa ina kibaraza chake, mwembe wake, unaweza kuongeza chumba cha uani ukapangisha. Apatimenti zinafanana kama mayai, na mwenzio akiuza kwa hasara amekushushia na wewe.

Sikukatazi. Najua magoti yako ni mazima bado na kazi yako iko mjini. Ila kwanza itazame hati. Tangu sheria ya 2008 mtu anaweza kupata hati ya sehemu yake ya jengo, pamoja na fungu lake katika ngazi, lifti na uwanja. Wengi bado wanauziwa kwa mkataba wa wakili pekee, na benki haikopeshi kwa karatasi hiyo, maana yake atakayenunua kwako lazima awe na pesa taslimu. Uliza pia kiwanja kimebakiza miaka mingapi. Ardhi tunamilikishwa kwa miaka 33, 66 au 99, na inahesabika kurudi nyuma. Kafanye upekuzi wa hati ofisi ya ardhi wewe mwenyewe, usimtume dalali. Akikutajia bei kwa dola, mkumbushe kwamba tangu 2025 kanuni zimekataza. Na risiti zote utunze, kwa sababu ukiuza utatozwa kodi kwenye faida, na bila risiti hutaweza kuonyesha ulitumia nini.

Kisha omba daftari la chama cha wamiliki: wangapi wanalipa, benki kuna shilingi ngapi, lifti ilihudumiwa lini. Wakikwambia hakuna daftari, rudi nyumbani. Mtafute na mhandisi wako mwenyewe alikague jengo. Lile la ghorofa 16 la mtaa wa Indira Gandhi lilianguka Machi 2013, hapo hapo jirani na Upanga, na likaua zaidi ya watu thelathini.

Mimi kwa moyo wangu ningekwambia panga kwanza kwenye jengo hilohilo, miezi sita, uione masika na mgao wa umeme. Ukibaki na hamu, tafuta ghorofa ya tatu au ya nne. Bahari itaonekana kidogo, lakini mama akija kukutembelea atapanda.

Nitakuja mnada wa kwanza wa korosho ukishapita. Mwambie kaka asitoe hata shilingi ya advansi hadi tuzipande ngazi zile pamoja, mimi na wewe, lifti tusiiguse.

Wako,
Zainabu