Chupa za mafuta ya mkaratusi ziandikwe maelezo

Mhariri,

Mwezi uliopita mjukuu wangu alibanwa na mafua. Nikanunua kichupa cha mafuta ya mkaratusi, yale tunayoyaita kalitunsi huku Bombo, Uganda, nikampaka kifuani kama yalivyo. Alilia hadi sauti ikakauka. Ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba kama imechapwa na upupu. Nikamwagia maji, bure, kwani mafuta hayachanganyiki na maji. Kilichomtuliza ni kumfuta taratibu kwa mafuta ya simsim.

Kichupa hakikuwa na hata neno moja la onyo. Muuza duka aliniambia ati nimpe na nusu kijiko kwenye chai! Mhariri, mafuta hayo mtoto akiyameza, hata kijiko kimoja cha chai, yanaweza kumletea degedege.

Siyakatai. Ya karafuu hutuliza jino, ya mchaichai hufukuza mbu. Lakini kwa ngozi ya mtu mzima, matone sita ya mkaratusi yatosha kwenye kijiko cha chakula cha mafuta ya simsim au nazi. Wenye kuuza waandike hivyo, kwa Kiswahili na Kiganda.

Bibi wa wajukuu watano,
Bombo